Malalamiko ya Mtoto Hayamalizwi Ndani ya Kikundi

Ni vigumu kupata wadi katika Kaunti ya Nyeri isiyokuwa na kikundi cha ustawi wa jamii. Kuna vinavyowapikia wazee chakula cha mchana mara moja kwa wiki, vinavyowasaidia watoto kufanya kazi ya shule jioni, vinavyowatembelea wagonjwa wasioweza kutoka kitandani, na vinavyoendesha michezo ya vijana siku za Jumamosi. Vingi vilianza kama chama cha akina mama au mazungumzo ya majirani baada ya ibada, kisha vikapata cheti cha usajili na mfadhili mmoja au wawili.

Kazi hiyo inahitajika, na kaunti peke yake haiwezi kuifanya. Lakini kuna jambo ambalo viongozi wengi wa vikundi hawapendi kulizungumzia. Mtu anayetaka kumdhuru mtoto au mzee asiyejiweza hutafuta mahali atakapowapata kwa urahisi na ambapo hakuna atakayemshuku. Kikundi cha hisani ni mahali kama hapo.

Ndiyo maana kila kikundi kinachoshughulika na watoto, wazee, wagonjwa au watu wenye ulemavu kinatakiwa kuwa na utaratibu wa ulinzi. Maana yake ni mpango unaohakikisha kwamba mtu hadhuriwi na wale wale waliokuja kumsaidia, na kwamba akiwa amedhuriwa kwingine, nyumbani au shuleni, kikundi kinajua pa kumpeleka.

Kisheria, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu, na Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inaeleza kwa urefu jinsi ya kuyalinda. Kuhusu watu wazima, Kifungu cha 54 kinawalinda watu wenye ulemavu, na cha 57 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Kwa hivyo shosho anayetegemea jirani amletee maji, kijana mwenye ulemavu wa akili, na mgonjwa anayehitaji kuogeshwa wote wamo katika mpango huu.

Kisa cha Bomet

Mwaka wa 2008 raia wa Marekani kwa jina Gregory Dow alifungua makao ya watoto karibu na Boito, Kaunti ya Bomet. Kwa karibu miaka kumi alijulikana kama mfadhili aliyeacha nchi yake kuja kuwalea mayatima. Mwaka wa 2017 habari za dhuluma za kingono dhidi ya wasichana wa makao hayo zilipoanza kutoka, alitorokea kwao. Alishtakiwa huko, akakiri makosa, na Februari 2021 mahakama ya Pennsylvania ikamfunga miaka 15 na miezi minane. Baadhi ya wasichana aliowadhulumu walikuwa na umri wa miaka 11.

Yaliyofanyika Bomet yanatisha, lakini kwa kiongozi wa kikundi kuna habari nyingine ya kuzingatia. Mwaka wa 1996, miaka 12 kabla ya kufungua makao hayo, Dow alikuwa amekiri kosa la shambulio lenye nia ya dhuluma ya kingono katika jimbo la Iowa, na akaamriwa asajiliwe kama mkosaji wa kingono. Rekodi ilikuwepo.

Dow hakuwa peke yake. Simon Harris, Mwingereza aliyeendesha shirika la hisani huko Gilgil, safari ya saa chache tu kutoka Nyeri, alifungwa zaidi ya miaka 17 na mahakama ya Birmingham mwaka wa 2015 kwa kuwadhulumu wavulana wa mitaani. Visa hivi viwili ni vya wageni, na mkazi anaweza kudhani hatari inashuka kutoka kwenye ndege. Sivyo. Mara nyingi anayemdhulumu mtoto ni mtu anayemfahamu: jamaa, jirani, mwalimu, au yule kijana mchangamfu anayejitolea kila wikendi. Visa vya wageni vilipata kuandikwa magazetini kwa sababu mahakama za kwao zilivifuatilia.

Kabla ya kumkaribisha anayejitolea

Vikundi vingi humpokea mtu kwa sababu ni mtoto wa fulani, au kwa sababu anahudhuria kanisa lile lile. Hiyo haitoshi. Mtu yeyote atakayekaa na watoto au kuingia nyumbani kwa mzee anapaswa kuleta cheti cha tabia njema kutoka DCI. Ombi hufanywa kupitia eCitizen, kisha mwombaji huenda kuchukuliwa alama za vidole.

Cheti hicho kina mipaka yake. Kinaonyesha tu mambo yaliyowahi kufika kwenye rekodi za polisi, na dhuluma nyingi hazijawahi kufika huko. Kwa hivyo piga simu mahali alipofanya kazi au kujitolea mwisho. Uliza swali moja bila kuzungukazunguka: mngempokea tena kuwa na watoto? Mtu akisita kujibu swali hilo, amekwisha kujibu.

Kwa wageni wanaokuja Nanyuki, Naro Moru na Nyeri mjini kujitolea kwa wiki chache, kikundi kina haki ya kudai cheti cha nchi yao. Uingereza, kwa mfano, ina cheti maalumu cha ulinzi wa watoto kwa raia wake wanaokwenda kufanya kazi na watoto ng'ambo. Mgeni mwenye nia njema hatakasirika akiombwa cheti hicho. Na kama msaada wa fedha unakuja kwa sharti kwamba mfadhili asiulizwe maswali, basi bei ya msaada huo inalipwa na mtoto.

Kanuni za kila siku

Kanuni iliyo muhimu zaidi ni kwamba mtu mzima mmoja hakai na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Mazungumzo ya faragha yanaweza kufanyika mlango ukiwa wazi, au kwenye benchi uani ambapo watu wanawaona hata kama hawawasikii. Mtoto harudishwi nyumbani peke yake na mmoja wa wanaojitolea, wala hapandishwi bodaboda ya mtu ambaye mzazi hamjui. Anayejitolea hamtumii mtoto jumbe za WhatsApp usiku. Ujumbe huenda kwa mzazi, au kwenye kundi ambalo mzazi yumo. Kanuni hizi zinamlinda pia anayejitolea, kwa kuwa aliyeonekana na watu wakati wote ni vigumu kusingiziwa.

Picha nazo zina sheria. Vikundi hupenda kuonyesha wafadhili watoto wakipokea viatu au unga, nyuso zao wazi na majina chini. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Septemba 2023, shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ni pesa nyingi kuliko bajeti ya mwaka ya vikundi vingi vya hapa.

Halafu kuna rejista. Wakazi wa Kieni hawahitaji kukumbushwa usiku wa Septemba 5, 2024, ambapo moto ulizuka kwenye bweni la Shule ya Hillside Endarasha na wavulana 21 wakapoteza maisha. Siku iliyofuata, serikali ilisema watoto 70 walikuwa hawajajulikana waliko. Baadhi yao walikuwa wamechukuliwa na wazazi au kuhifadhiwa na majirani, lakini hapakuwa na orodha ya kuonyesha nani yuko wapi, na familia nyingine zikangoja kwa uchungu bila kujua. Kikundi kinacholaza watoto, hata kwa kambi ya siku mbili wakati wa likizo, kinapaswa kuwa na orodha ya majina inayowekwa nje ya chumba cha kulala, pamoja na jina na sahihi ya kila anayemchukua mtoto. Mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 unataka milango ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma. Ukumbi wa kukodi usiotimiza hayo haufai kulaza watoto.

Wazee na pesa zao

Ulinzi wa wazee huzungumzwa kidogo kuliko wa watoto, pengine kwa sababu mzee anaitwa mtu mzima na watu hudhani atajisemea. Wengi hawasemi. Mzee akimlalamikia anayemletea chakula, nani atamletea kesho?

Mfano wa kawaida ni pesa za Inua Jamii, Sh2,000 kwa mwezi kwa wazee waliosajiliwa wenye miaka 70 na zaidi. Mzee asiyeweza kutembea humtuma mtu. Pole pole mtu huyo anakaa na kitambulisho, anajua nambari ya siri, na mwishowe yeye ndiye anayeamua mzee apewe kiasi gani. Huenda alianza kwa nia safi kabisa. Kikundi kikatae mpango wa namna hiyo tangu mwanzo: hakuna anayejitolea atakayehifadhi kitambulisho, kadi au nambari ya siri ya mtu anayemhudumia. Ikibidi mzee asaidiwe kuchukua pesa, waende watu wawili, na kiasi kiandikwe kwenye daftari mbele yake. Hati za shamba ni hivyo hivyo, tena zaidi. Anayejitolea hashuhudii wosia wala makubaliano ya kuuza ardhi ya mzee anayemtembelea.

Kuna tofauti moja kati ya mzee na mtoto. Mzee mwenye akili timamu ana haki ya kuamua kama jambo lake liripotiwe au la, hata kama uamuzi wake hauwapendezi wanaomsaidia. Aulizwe, aelezwe njia zilizopo, na apewe muda, isipokuwa maisha yake au ya mwingine yamo hatarini. Kwa mtoto hakuna kungoja.

Mtoto anaposema

Mtoto huwa hasemi kama shahidi mahakamani. Husema nusu, halafu ananyamaza. Anaweza kuanza kwa kusema hataki tena kwenda kwa mjomba, au tumbo linamuuma kila Jumamosi. Aliye karibu naye asikilize bila kushtuka na bila kumhoji. Maswali mengi, hasa yale yanayomwekea majibu mdomoni, yanaweza kuharibu kesi baadaye. Mwambie umefurahi amekueleza na kwamba si kosa lake. Usimwahidi kuwa itabaki siri, kwa maana ahadi hiyo utaivunja. Andika alichosema kwa maneno yake mwenyewe, tarehe na saa, kisha uweke sahihi.

Kama kuna dhuluma ya kingono, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia virusi vya HIV hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inaweza kutolewa hadi saa 120. Aende hospitali ya umma kwanza; hahitaji kupitia kituo cha polisi ndipo atibiwe, na hapaswi kulipishwa. Asioge wala kubadilisha nguo kabla ya kuonekana na daktari. Kama amekwisha kubadilisha, nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa kuwa plastiki huhifadhi unyevu unaoharibu ushahidi. (Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka wa 2017, lakini bado imejaa kwenye droo za jikoni.) Fomu ya P3 hutolewa bure.

Hapa ndipo wakazi wengi huchanganyikiwa kuhusu nani afanye nini. Serikali ya kaunti husimamia hospitali, elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto wadogo. Afisa wa watoto anayeshughulikia kesi yenyewe ni wa serikali ya kitaifa, chini ya Idara ya Huduma za Watoto, na yupo katika kila kaunti ndogo. Mtoto aliyedhulumiwa kwenye kituo cha chekechea cha kaunti atahitaji pande zote mbili. Asiyejua pa kuanzia apige 116, simu ya bure ya watoto inayojibiwa usiku na mchana, au 1195 kwa dhuluma za kijinsia za watu wa umri wowote.

Kwa nini isimalizwe nyumbani

Kosa kubwa ambalo kikundi kinaweza kufanya ni kuunda kamati ndogo ya kulichunguza jambo na kulimaliza kimya kimya. Mshukiwa anaombwa ajiuzulu kwa hiari, familia inapewa mbuzi au ada ya shule, na jina la kikundi linabaki safi. Mshukiwa anahamia kikundi kingine, pengine Othaya au ng'ambo ya mpaka wa kaunti, na hakuna anayewaonya wa huko.

Nyeri ina sababu yake ya kufuatilia kilichotokea kwa Chama cha Maskauti cha Marekani. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti duniani, alifariki mjini humu Januari 8, 1941, na kaburi lake huzuriwa na wageni wengi. Vijana wenye skafu shingoni hulitembelea mwaka baada ya mwaka. Tangu miaka ya 1920, chama cha Marekani kilikuwa na faili za siri za viongozi walioshukiwa kuwadhulumu watoto. Nia ilikuwa kuwazuia wasirudi chamani, lakini wengi hawakuripotiwa kwa polisi, na wengine walirudi hata hivyo. Februari 2020 chama hicho kiliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Zaidi ya watu 82,000 walidai fidia, na mfuko wa kuwalipa ulifikia Dola 2.46 bilioni. Kila jina lililofichwa ili kulinda sifa ya chama lilikuja kudaiwa.

Sheria ya Kenya nayo haimpi mtu yeyote kijijini mamlaka ya kusuluhisha. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, adhabu ya kunajisi mtoto huanzia kifungo cha miaka 15 hadi maisha, kutegemea umri wa mtoto. Anayetumia nafasi ya kuaminiwa kutenda kosa la kingono anaweza kufungwa kwa miaka isiyopungua kumi. Kifungu cha 40 kinasema uamuzi wa kusitisha kesi ya namna hiyo uko kwa mkuu wa mashtaka wa serikali. Si wa baba wa mtoto, si wa chifu, si wa mzee wa Nyumba Kumi, wala si wa mwenyekiti wa kikundi.

Na shirika lenyewe laweza kulipa. Mei 2015, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba Tume ya Kuajiri Walimu, shule na serikali zilibeba lawama pamoja na mwalimu aliyewadhulumu kingono wanafunzi wawili, ambao walituzwa jumla ya Sh5 milioni. Jaji Mumbi Ngugi alikataa hoja kwamba mwajiri hahusiki kwa kuwa mwalimu alitenda kivyake.

Polisi wakichelewa

Wakazi wengine huuliza: kuna faida gani kuripoti kama faili italala kituoni? Swali hilo lilijibiwa upande wa pili wa Mlima Kenya, mjini Meru, na shirika la hisani ndilo lililolipeleka mahakamani.

Ripples International huendesha kituo cha Tumaini cha kuwahifadhi wasichana walionajisiwa. Wafanyakazi wake waliona jambo moja likijirudia: msichana anaripoti, polisi wanadai walete mashahidi walioona kwa macho au wanaomba pesa za mafuta ya gari, na mshukiwa anaendelea kukutana na mtoto njiani akienda shule. Zaidi ya wasichana 160 walikuwa wamepitia mikononi mwa shirika hilo. Oktoba 2012, wasichana 11 pamoja na shirika lenyewe waliwashtaki polisi katika Mahakama Kuu ya Meru.

Hukumu ilitolewa Mei 27, 2013. Jaji J. A. Makau aliamua kwamba polisi walikiuka haki za watoto hao za kikatiba kwa kutochunguza malalamiko yao haraka na kwa njia ifaayo, na akaamuru uchunguzi ufanywe. Hukumu hiyo inatumika Nyeri kama inavyotumika Meru. Polisi anayesema hana mafuta ya gari, au anayemtaka mtoto alete mashahidi kwanza, anafanya kile ambacho mahakama ilikwisha kukikataa.

Ripples iliweza kuthibitisha madai yake kwa kuwa ilikuwa na rekodi za kila mtoto. Anayemsindikiza mtoto kituoni aondoke na nambari ya OB, jina la afisa aliyepokea ripoti, na tarehe, na nakala ya hayo ibaki kwenye faili ya kikundi inayofungiwa kabatini. Wiki mbili zikipita bila hatua, nambari hiyo ipelekwe kwa kamanda wa kituo, kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, na ikibidi kwa IPOA, mamlaka huru inayopokea malalamiko ya raia dhidi ya polisi.